Nyoka wa Mpira

Watu wa mtaa wa Buyenzi walimjua Mwanasiti kwa mambo mawili. Alishona magauni ya arusi yasiyobana kwapani, na alisoma vitabu vya mambo yasiyokuwepo duniani. Hilo la pili lilimkera shangazi yake, aliyeona kwamba mjane wa miaka thelathini na tano alipaswa kusoma juzuu, si hadithi za majoka. Mwanasiti alisoma vyote. Kurani asubuhi, majoka jioni.

Kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri, wasomaji walikusanyika nyuma ya garaji ya kaka yake, Massoudi. Walikalia viti vilivyong'olewa kwenye magari mabovu. Arnaud ndiye aliyeleta vitabu. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeishi na mama yake katika mtaa wa Mutanga Sud, kijana mwembamba ambaye mkoba wake haukukosa riwaya ya dragoni au ya roboti. Alivinunua kwa wauza vitabu vikuukuu mjini, aliviomba kwa binamu zake walioko Ubelgiji, na vingine alivitoa mtandaoni. Vyote vilikuwa vya Kifaransa. Mwanasiti alishika kitabu, macho yakapita kwenye Kifaransa na mdomo ukatoa Kiswahili papo hapo, bila kusitasita, na Massoudi, ambaye shule aliiacha mapema, hakukubali kufungua boneti ya gari lolote mpaka sura iishe.

Mwaka ule ziwa lilipanda likaingia majumbani, na wasomaji wa garaji walikuwa katikati ya riwaya nene kuhusu mji uliozama chini ya maji. Mji huo ulilindwa na joka aliyeitwa Orimu. Malkia wa mji alikuwa amemwahidi joka mtoto wake wa kwanza, na kila Jumamosi watu waligombana kama atatimiza ahadi au atakimbia.

"Atakimbia," alisema Massoudi. "Mama gani anatoa mutoto?"

"Akikimbia, kitabu inaisha," Arnaud akajibu. "Na iko volume mbili zingine, kaka."

Concilie alicheka. Alikuwa muuguzi, mama wa makamo kutoka mtaa wa Kibenga, kando ya ziwa, na nyumba yake ilikuwa imeingiliwa na maji mara mbili. Yeye alipenda vitabu vya vyombo vya angani tu, na alivisoma kwenye simu akiwa zamu.

"Nyinyi na manyoka yenu," alisema. "Mi nataka watu wafike Mars. Kule hakuna matope."

"Mars hata maji ya kunawa haiko, mama Concilie," Massoudi akamwambia, na garaji nzima ikaangua kicheko.

Wazo la kwenda ziwani lilikuwa la Arnaud. Alikuwa amewaonyesha picha kwenye simu, wasomaji wa Ulaya na Japani wakiwa wamejaa kumbini, wamevaa kama watu wa kwenye riwaya, wengine na mabawa, wengine na panga za maboksi. "Na sisi tuko wasomaji kama wao," alisema. "Tuicheze ile chapitre, ile sura ya malkia akimwita Orimu. Tufanye video." Massoudi, aliyekuwa wa kwanza kucheka wazo hilo, ndiye aliyekwenda kuchana mipira ya ndani ya matairi akaiunganisha kwa gundi mpaka ikawa mwili mrefu mweusi wa nyoka. Mwanasiti alitengeneza kichwa kwa kitambaa na sponji, akakipaka rangi ya kijani na meno meupe. Zipu haikushika kwenye mpira. Akaamua kwamba siku ya siku atamshonea Arnaud ndani kwa uzi wa viatu, kuanzia kiunoni mpaka shingoni, kisha amfungue kwa mkasi.

Jumamosi hiyo wengine walikuwa na arusi. Walioondoka na pikapu ya garaji kuelekea Kajaga walikuwa wanne tu: Massoudi kwenye usukani, Mwanasiti, Concilie na Arnaud. Nyuma kulikuwa na nyoka, sufuria ya pilau, na dumu la petroli. Petroli ilikuwa adimu mjini siku hizo, watu walilala kwenye foleni za vituo, na Massoudi hakuthubutu kuliacha dumu lake garajini.

Kajaga iliwapokea kwa ukimya. Minazi ilisimama ndani ya maji, na mapaa ya mabati yalichungulia juu ya ziwa kama migongo ya ng'ombe wanaoogelea. Hapakuwa na watoto ufukweni wala wanawake wa kufua. Waliona ni kwa sababu ya mafuriko. Hawakujua kwamba siku chache kabla, mahali pale pale, mamba alikuwa amemchukua mtoto wa kike aitwaye Christa akiosha sahani. Baba yake, Salvator, mvuvi, alimwona akivutwa, na alichokipata majini ni kiatu kimoja cha plastiki. Tangu hapo wanaume walikuwa wakizunguka na mitumbwi kutafuta hata mfupa wa kuzika.

Mwanasiti alimshonea Arnaud ndani ya nyoka, mikono yake ikabaki ndani, miguu nje. Aliweka mkasi ndani ya mkoba wake, akajifunga kitenge cha kijani mabegani kama joho. Concilie alishika simu. Arnaud akaingia majini mpaka magotini, akalala kifudifudi, akaanza kujikokota kuelekea nchi kavu huku mpira ukimetameta.

Mwanasiti alikuwa na sauti kubwa. Alinyoosha mikono kuelekea ziwani, akaita kama malkia alivyoita:

"Orimu! Orimu! Njoo uchukue kilicho chako! Mtoto wako nimekuletea!"

"Rudia!" Concilie akasema. "Jua ilikuwa inaingia kwenye kamera."

Akaita tena, kwa nguvu zaidi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akishona nyavu kwenye kivuli cha kibanda aliinuka, akatazama lile jitu jeusi likitoka majini, akaziacha nyavu zake, akakimbia.

Hawakumjali. Arnaud alikuwa amemeza maji na anakohoa ndani ya kichwa cha nyoka, na Massoudi alikuwa anacheka mpaka ameegemea pikapu.

Jiwe la kwanza lilimpiga Concilie kwenye kifundo cha mkono. Simu ikaruka. Walipogeuka, waliona watu wakishuka kati ya vibanda, wanaume wengi na wanawake nyuma yao, na makasia, marungu na mapanga.

"Abarozi!" walipiga kelele. "Wachawi! Njo hawa!"

Massoudi alitoka mbele na viganja wazi. "Ndugu zangu, salamu alekumu. Ni muchezo. Ni kitabu tu, tunacheza kita—"

Kasia lilimpiga mdomoni. Alipiga goti, akatema meno na damu mchangani, na walipomzunguka akanyoosha mkono kwenye pikapu akashika spana ya magurudumu. Alikuwa mtu wa kunyanyua injini kwa mikono. Alimpiga wa kwanza begani, mfupa ukalia. Wa pili alimpiga tumboni. Wa tatu hakumwona, alitokea nyuma na rungu, na mkono wa kushoto wa Massoudi ukaning'inia kama si wake tena. Akaanguka, wakaanza kumkanyaga.

Arnaud alijaribu kukimbia. Mpira mrefu ulijisokota miguuni, akaanguka kwenye ukingo wa maji, na hakuwa na mikono ya kujizuia. Walimfikia hapo. Marungu yaliposhuka juu ya ule mpira yalitoa sauti nzito, kama watu wanaopiga godoro kutoa vumbi.

"Ndi umuntu!" Arnaud alilia kwa Kirundi. "Ndi umuntu! Mi ni mutu!"

Kila mtu aliyekuwa pale alimsikia. Hilo ndilo Mwanasiti alilolisema baadaye mbele ya hakimu, na hakuna aliyelikanusha.

Alimkimbilia na mkasi mkononi. Alijitupa juu ya mgongo wake, akapokea rungu moja mbavuni, akaanza kukata uzi. Alikata mshono mmoja, wa pili, wa tatu. Mkono wa kwanza wa Arnaud ulitoka, vidole vikachimba mchanga. Kisha mtu akamshika Mwanasiti nywele, akamvuta nyuma, na akiwa anavutwa alimwona kijana mwenye jezi ya buluu akiruka juu, miguu yote miwili, akitua kwenye kile kichwa cha sponji. Akaruka tena. Mkono uliochimba mchanga ukaacha kuchimba.

"Mwachieni mwenyewe!" mtu alipaza sauti. "Salvator aanze!"

Kundi likapasuka katikati. Mwanaume wa miaka arobaini hivi alisukumwa mbele, macho mekundu, shati limelowa maji ya ziwa. Mtu akamtia panga mkononi na kumfunga vidole kwenye mpini. Wawili walikuwa wamemkalisha Mwanasiti chini, kila mmoja na bega lake, lakini walikuwa wamesahau mkono ulioshika mkasi chini ya kitenge.

"We njo ulimuita?" Salvator akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Niliita jina ya kwenye kitabu," Mwanasiti akasema. "Wallahi sikujua kuna mutoto. Wallahi."

"Ulisema, mutoto wako nimekuletea. Mama Shakuru alikuwa pale na nyavu zake, alisikia."

"Ni maneno ya kitabu, baba. Sikumujua mutoto yako."

Salvator alitikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi. Kisha akanyanyua panga kwa mikono miwili. Waliomshika Mwanasiti wakamwachia, wakarudi nyuma wasije wakakatwa nao. Hapo ndipo alipomchoma. Hakuchagua mahali. Mkasi wa kukatia nguo uliingia juu ya paja, karibu na kinena, ukazama mpaka kwenye pete za vidole, naye akauvuta. Damu iliruka ikampiga usoni, moto, ikaruka tena kwa mapigo. Panga lilianguka kando ya sikio lake. Salvator akamwangukia juu.

Kelele zilizotokea hapo zilikuwa za namna nyingine. Mateke yalimjia Mwanasiti toka kila upande, mbavu, mgongo, mdomo. "Tuwachome!" walisema. "Leteni mafuta! Tuwachome wote!" Mtu akapekua pikapu, akamwaga pilau, akatoa dumu la petroli na kulinyanyua juu. Lakini mwenzake alilidaka kwenye mpini, wakavutana, na kabla kiberiti hakijatoka mfukoni mwa yeyote, mmoja wao alikuwa amempiga mwenzake kichwa cha pua, amelikumbatia dumu, amepanda pikipiki yake na kutokomea. Watu walimfuata kwa matusi. Petroli ile ilikuwa safari nyingi za kuuza samaki mjini.

Concilie alipata mwanya huo. Alitambaa kati ya miguu yao, mkono uliopigwa jiwe umeubana kifuani, akafika kwa Salvator. Alimgeuza chali, akapasua suruali kwa meno, akasukuma ngumi ndani ya kidonda akailalia kwa uzito wake wote. Damu ikaacha kuruka, ikabaki kuchuruzika.

Mtu alisimama juu yake na rungu. Concilie akainua uso uliojaa damu ya mwingine.

"Nipige," alisema. "Mi ni nesi. Nimeshika mushipa yake hapa. Nikitoa mukono, hata kabla hujageuka, amekufa. Nipige basi. Chagua."

Rungu lilibaki juu.

"Anadanganya," mtu alisema nyuma.

Concilie alilegeza ngumi kidogo tu. Damu iliruka ikamgusa yule wa rungu kwenye magoti. Wanawake wakapiga ukunga. Akaibana tena.

"Nani anasema nadanganya, aje ashike yeye," akasema. "Apana? Bon. Mubebe huyu. Mubebe na ule kijana. Na ule dereva mwenye mumevunja mukono, mumuinue, njo atatuendesha. Haraka, Mana yanje, Mungu wangu, haraka!"

Wakatii. Watu wale wale waliokuwa wakipiga ndio walioinua. Walimweka Salvator nyuma ya pikapu, Concilie akiwa amepiga magoti juu yake na ngumi yake pajani. Walimweka Arnaud kando. Mwanasiti alipanda mwenyewe, akishikilia mbavu. Massoudi aliwekwa kwenye usukani akiwa na mkono mmoja, mdomo umevimba hawezi kutamka, na mwanaume aliyemvunja mkono akakaa pembeni yake kumbadilishia gia. Njia nzima, yule mtu alikuwa akilia na kusema, "Kushoto, kaka. Polepole, kaka, kuna shimo."

Nyuma, Mwanasiti alikata nyoka. Alianzia alipoachia, mshono kwa mshono, akaufungua mpira, akatoa kichwa cha sponji. Uso wa Arnaud haukuwa tena uso aliokuwa akiujua. Alikuwa anapumua kwa sauti ya mtu anayekunywa kwa mrija, na Mwanasiti aliweka kichwa chake kwenye mapaja yake akamfuta kwa joho la malkia.

"Zungumza naye," Concilie alisema bila kuinua macho. "Anasikia pengine."

Mwanasiti hakupata neno. Yeye, ambaye Jumamosi zote hizo maneno yalimtoka kama maji, alikaa kimya na kijana akafia mapajani mwake kabla hawajaingia mjini. Akaendelea kumfuta.

Salvator aliishi. Madaktari waliufunga mshipa, mguu wake ukabaki mgumu kama gongo. Massoudi alifungwa waya kwenye taya akawa anakunywa uji kwa wiki nyingi. Mwanasiti alichukuliwa na polisi akiwa bado na bandeji za mbavu, kwa kosa la kumjeruhi mtu kwa silaha.

Wanawake aliofungwa nao walisikia kwamba huyu mpya ni msimuliaji, wakamwomba awape hadithi ya kupitisha jioni. Alikataa. Siku moja, kwa ajili ya msichana aliyekuwa mja mzito na hakulala, alifungua kinywa aanze, akaisikia sauti yake mwenyewe kama ilivyosikika juu ya maji ya Kajaga. Akajilaza akageukia ukuta.

Mama yake Arnaud alikuja mara moja. Alikuwa mtumishi wa serikali, amevaa kwa heshima, na alisimama upande wa pili wa wavu.

"Ulimushonea mutoto yangu ndani ya mupira," alisema. "Angekuwa na mikono, angekimbia."

"Ndiyo, mama," Mwanasiti akajibu.

"Sikuja unijibu."

Akageuka, akaondoka.

Wa pili kuja alikuwa mkubwa mmoja wa mtaa wa kule ziwani, mtu mpole mwenye miwani. Alisema watu wa kwake walikuwa na uchungu, kila mtu alikosea. Kama Mwanasiti hatakumbuka sura za vijana waliompiga Arnaud, basi na Salvator hatakumbuka mkasi, na kila mmoja atarudi nyumbani kwake.

"Nitatoka lini?" Mwanasiti akauliza.

"Hata kesho kutwa, dada."

Aliwaza cherehani yake, na kaka yake mwenye taya la waya. Mbavu zilimuuma kila alipovuta pumzi.

"Mwenye jezi ya buluu," alisema. "Alimuruka kichwa. Mara mbili. Na we unamujua, maana umeinamisha macho. Basi nitakaa humu."

Siku ya kesi, yake na ya vijana pamoja, chumba kilijaa. Upande mmoja walikaa watu wa Kajaga, upande mwingine watu wa Buyenzi na wanafunzi wenzake Arnaud, waliokuja kwa wingi, wengi wao wasomaji wa vitabu vile vile. Mwanasiti alisimulia yote, hata maneno aliyoyaita ziwani, na alipoyatamka mwanamke mmoja wa Kajaga aliziba masikio. Concilie alieleza kidonda. Vijana walioshtakiwa walisema hawakuwepo. Yule wa jezi ya buluu, aliyeitwa Xavier, siku hiyo amevaa shati jeupe, alisema alikuwa kanisani.

Kisha akaitwa Salvator. Alikuja na gongo, akakataa kiti.

"Mheshimiwa, nilipoteza mutoto," alianza. "Nilipewa panga, nikainyanyua. Nilitaka kumukata huyu mama kichwa. Hakunichoma bure. Hiyo ya kwanza."

Watu wake walianza kunong'ona. Hakimu akagonga meza.

"Ya pili. Mutoto yangu alichukuliwa na mamba. Nilimuona kwa macho yangu, na niliwaambia wote. Mamba, si muchawi. Nilijua hata nikiwa nimeshika ile panga." Akahamishia gongo mkono wa pili. "Ya tatu. Mwenye aliua ule kijana ni ule pale. Xavier. Ni mutoto ya dada yangu. Nilimubeba akiwa mudogo."

Dada yake alisimama katikati ya watu akamlaani kwa Kirundi mpaka askari wakamtoa nje.

Xavier na wenzake wawili walihukumiwa kifungo kirefu. Mwanasiti aliachiwa jioni ile ile, kwa kuwa alikuwa amejilinda. Massoudi alimngojea mlangoni, akamshika bega kwa mkono wake mzima.

Salvator alitoka peke yake. Watu wa Kajaga walikuwa wameshaondoka na magari yao, hakuna aliyemngoja. Alipomfikia Mwanasiti alisimama, akiegemea gongo, na Massoudi akasogea mbele ya dada yake.

"Sitaki kitu," Salvator akasema. Alimtazama Mwanasiti. "Usiniambie pole. Na mi sitakuambia."

"Sawa," Mwanasiti akajibu.

Salvator alitazama barabara, mwisho huu na mwisho ule, kama mtu asiyejua ni upande gani wa kwenda. Mwanasiti alimwambia kaka yake jambo sikioni. Massoudi akakunja uso, kisha akaenda akawasha gari na kufungua mlango wa nyuma.

"Panda, mzee," alisema kwa shida kupitia meno yaliyobaki. "Ni mbali kwa mguu huo."

Salvator akapanda. Massoudi akashika njia ya Kajaga.